Siku Tatu kwa Mama Lishe

Mpwa wangu anakuja Mbeya kuanza chuo. Mji mkubwa kuliko yote aliyowahi kuiona ni Iringa, tena kwa siku moja, na swali aliloniandikia kwenye simu halikuwa la ada wala la hosteli. Aliuliza, "Mjomba, nikifika huko nitakuwa nakula wapi?" Nikamjibu kirefu kama mtaalamu. Nikamwambia stendi asinunue kitu kilichoshinda kwenye kabati la kioo, supu ya asubuhi aifuate Mwanjelwa, na wali aule mahali ambapo sufuria inaisha mapema. Nilimtajia sehemu saba. Mama Lishe wa Iyunga sikumtaja, ingawa ndiye aliyenilisha mimi nilipoingia mjini na akili zangu za kijijini kwetu Idodi. Kibanda chake siku hizi hakipo, lakini hata kingekuwepo nisingekitaja. Naona aibu, na aibu hiyo nimekaa nayo miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu.

Jina lake silijui mpaka leo. Kando ya barabara kuu pale Iyunga walikuwepo mama lishe wengi, kila mmoja na moshi wake, lakini dereva wa lori la Tunduma akisema anakula kwa Mama Lishe, bila kuongeza neno, wenzake walijua anamsema yeye. Alikuwa mrefu, mkavu, wa miaka hamsini hivi nilipomwona mara ya kwanza. Juu ya kanga zake mbili alivaa koti la suti la kiume, kubwa, mikono imekunjwa mara tatu. Alilalamikia baridi ya Mbeya kila asubuhi, na huyo ni mtu aliyezaliwa upande wa Mgololo, ambako baridi haina utani. Ukimuuliza koti la nani alikuambia, "La marehemu mume wangu. Yeye alikuwa analitunza tu kabatini, sasa angalau linafanya kazi."

Hakuonja chakula kwa mwiko. Alidondosha mchuzi kwenye kiganja, akaulamba, akatazama juu kidogo kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani, kisha akaongeza chumvi au akaacha. Alikuwa na kigoda chake kando ya jiko ambacho sikuwahi kumwona amekikalia. Alisema ni cha kupumzikia.

Kwenye nyama alikuwa mchoyo kupita kiasi. "Vipande viwili ni viwili, hata ukiniita mama mkwe," aliwaambia madereva. Lakini mchuzi, maharage na mboga za majani aliongeza bila kuombwa, na akiona umekonda aliongeza na maneno juu yake. Alikuwa na mdomo. Mtu mwenye mikono ya grisi alimfokea mbele za watu: "Nawa kwanza! Hayo mafuta ya gia unataka tule wote?" Dakika moja baadaye mtu yuleyule angekuta ameletewa ndizi mbivu juu ya ugali wake, naye Mama Lishe kageuka upande mwingine kama si yeye aliyeiweka. Jumapili alifunga kibanda akaenda kusali kwa Walutheri wenzake, hata kama malori yangepanga foleni mpaka Uyole. Na yeye aliyelisha watu kutwa nzima hakula kwa mtu. Ukimpa hata andazi alilikataa. "Mimi nikila kwa mtu sishibi," alisema, na hakuna aliyejua kama ni utani.

Kitu kimoja hakutaka kabisa kukisikia, nalo ni neno mteja. "Mteja yuko dukani kwa mangi," alisema. "Anayekaa kwenye benchi langu akanawa ni mgeni." Kwa hiyo kutwa nzima ungemsikia: mgeni, sogea mwenzako akae; huyu mgeni hajapata mboga; mgeni wangu wa juzi yuko wapi, anaumwa? Madereva walishamzoea. Mimi sikuwa nimezoea kitu chochote.

Kwetu Idodi ukipita kwenye uwanja wa watu ukakuta wanakula, watakuambia karibu chakula, na huwezi kupita tu. Unanawa, unakaa, unakula hata matonge mawili, unauliza habari za shamba, unashukuru, unaondoka. Ukikataa bila sababu watabaki wakijiuliza wamekukosea nini. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Ndivyo nilivyokuwa ile siku ya kwanza napita Iyunga kuelekea chuoni, begi mgongoni na kopo la karanga kwapani, mama mmoja mwenye koti la kiume akainua uso kwenye moshi akasema, "Karibu chakula, mgeni."

Nikakaribia.

"Kamwene, mama," nilimsalimia kwa Kihehe, kwa mazoea tu.

"Kamwene! Kumbe wa nyumbani huyu!" akaitika. "Haya, wali au ugali?"

Nilishangaa. Kwetu mgeni haulizwi, anapewa kilichopo. Nikaona watu wa Mbeya wana heshima kweli. "Chochote tu, mama," nikasema.

"Maharage au samaki?"

"Usijisumbue, mama. Chochote kilichopo."

Nadhani hapo ndipo alipoanza kunitazama vizuri. Aliniletea ugali, samaki, maharage na majani ya maboga, sahani moja iliyojaa mpaka pembeni. Aliponiuliza kama aniongeze, nilikataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili, kama mama alivyonifundisha. Nilimuuliza habari za shamba. Akasema shamba liko mbali, lakini mahindi hayajambo. Nilipomaliza nikasimama nikamshukuru, nikamwombea baraka, kisha nikapita benchi zima nikiwapa mkono madereva mmoja mmoja kuwaaga, kwa sababu kwetu mtu haondoki kwenye chakula kama mwizi. Mmoja alinipa mkono huku kijiko kikiwa kimesimama hewani. Wengine walikuwa wanalipa, bila shaka, lakini Mama Lishe alipokea hela kimyakimya na kuifunga kwenye fundo la kanga, na macho yangu yalikuwa kwenye sahani.

"Haya mwanangu," akaniambia. "Karibu tena kesho."

Nami nikajua nimealikwa.

Naomba msinicheke haraka. Hela ya chakula nilikuwa nayo. Baba alinipa, na niliifunga ndani ya soksi. Sikwenda pale kwa njaa wala kwa ujanja. Nilirudi kesho yake kwa sababu mtu mzima alinialika na kutokwenda kungekuwa dharau, na kwa sababu hiyohiyo sikwenda mikono mitupu. Nilibeba lile kopo la karanga ambalo mama yangu alilima, akamenya na kukaanga mwenyewe ili nile wiki za kwanza chuoni. Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya unga, la zamani, na chini yake mama alikuwa amelikwaruza msalaba kwa msumari, kama wanawake wa kwetu wanavyoweka alama kwenye vyombo vyao visipotelee misibani. Nikampa Mama Lishe kwa mikono miwili, nikasema mama yangu anamsalimu.

Benchi zima likacheka. Mama Lishe aliligeuza kopo, akaiona ile alama, akalifunika kwa upande wa kanga. Halafu akawageukia wale madereva.

"Nyie mmeniletea nini tangu mmeanza kula hapa?"

Mimi nikakaa nikala wali wa Kyela na maharage, nikijisikia mtu wa maana. Jioni nikampigia mama simu nikamwambia mjini nimepata mama mwingine, na mama akafurahi sana. Alisema, "Mshukuru. Mwambie karanga zikikomaa nitamtumia nyingine." Siku ya tatu nikala tena, nikafikisha salamu hizo, naye Mama Lishe akanijibu, "Mwambie mama yako nimepokea, na kopo lake lipo."

Siku ya nne nilikuwa nanawa. Jamaa mmoja, utingo wa lori, alimaliza kula akajifanya anakwenda kuangalia matairi, kisha akaanza kunyoosha mguu. Mama Lishe alimfuata na mwiko mkononi, akamshika ukosi wa shati pale kando ya lami.

"Wewe! Unakula unaondoka kama umetoka kwa shangazi yako?"

Watu walicheka. Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka mikononi mwangu. Ndani ya sekunde chache niliona yote: wali au ugali, kijiko hewani, mkono niliompa kila mtu, karanga. Nikatazama na kumkuta Mama Lishe naye ananitazama mimi, mwiko umeshuka. Alikuwa ameniona nikielewa.

"Mgeni, kaa ule," akasema, taratibu.

"Nimeshiba, mama," nikamjibu, saa saba mchana, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.

Hela ilikuwa kwenye soksi. Ningeweza kuinama, kuitoa, kuilipa. Ningeweza kucheka, naye angecheka, na mambo yangeishia hapo. Badala yake niliondoka, na kwa muda wote wa chuo nilikuwa nazunguka nyuma ya sheli, kwenye tope na chupa zilizovunjika, ili nisipite mbele ya kibanda chake. Jozi mbili za viatu ziliniishia kwenye njia hiyo.

Lakini kuzunguka si kosa kubwa. Kosa kubwa ni karanga. Kila msimu mama alituma mfuko kwa basi, na kila mara simu ilikuwa ileile: za yule mama wa Iyunga hizo, mpelekee. Nilizipokea stendi, nikazila na wenzangu bwenini. Kisha nilimpigia mama. "Zimemfikia?" "Zimemfikia, mama, anashukuru sana." Uongo ukiuzoea unaanza kuupamba. Mwaka mmoja nikasema amesema hizi ni tamu kuliko za mwaka jana. Nilimaliza chuo, nikapata kazi ya ufundi umeme kwenye kampuni ya hapahapa, nikaoa, na mifuko iliendelea kuja. Mke wangu alidhani ni yetu. Mama yangu sasa mgongo unamuuma, hawezi kuinama muda mrefu, na kipande kile cha shamba la karanga bado anakilima.

Mara moja tu nilirudi pale kibandani nikiwa na akili zangu. Wenzangu wa kazini walitaka kula kwa Mama Lishe, na kukataa kungehitaji maelezo. Nilikaa mwisho wa benchi. Alikuwa na koti lilelile. Alinikaribisha kama anavyokaribisha wote, nami niliagiza upesi, kwa sauti ya mtu wa mjini, na nikalipa kabla sijala. Mtu mmoja akaanza hadithi za washamba, kila mmoja akatoa yake, na mimi, sijui shetani gani alinipanda, nikatoa yangu mwenyewe. Nikasema ni ya jamaa mmoja wa Dodoma niliyesoma naye. Alivyokaribishwa chakula, alivyosema chochote tu mama, alivyowapa mikono madereva benchi zima. Niliigiza na sauti. Jamaa zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Karanga sikuzitaja, kwa sababu zingeharibu utamu wa hadithi.

Mama Lishe alikuwa anapita na jagi la maji ya kunawa. Akamwagia mmoja, akamwagia wa pili, akafika kwangu.

"Alileta na karanga," akasema.

Akanimwagia maji, akaenda. Wenzangu waliuliza amesema nini, nikawaambia sikusikia.

Baada ya hapo sikukanyaga tena. Miaka ikapita, siku moja nikaona pale penye kibanda mtu anauza matairi. Nikauliza. Nikaambiwa Mama Lishe miguu ilimsumbua, amerudi kwao Mgololo. Nilisikitika, lakini nitasema ukweli, nilipumua pia. Nikapita mbele ya sheli bila kuzunguka tena.

Miezi mitatu iliyopita kazi ikanipeleka Mgololo. Mchana nilikuwa natembea kutafuta chakula katika mitaa ya kule, na kitu cha kwanza nilichokiona ni koti. Lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, mbele ya nyumba ya matofali yenye baraza. Mabenchi mawili yalikuwa uwanjani, watu wanne wanakula, sufuria kubwa iko kwenye mafiga, na yeye amekaa. Amekaa kwenye kigoda. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Nilisimama kwenye njia, nikafikiri kwamba Mungu amenipa nafasi. Safari hii sikimbii. Nitakula, nitalipa, nitalipa na za nyuma, nitaomba msamaha, na nikifika nyumbani nitakuwa mtu mwepesi.

Aliinua uso. "Karibu chakula," akasema.

Nikakaribia. "Kamwene, mama."

"Kamwene." Alinitazama kwa muda. "Ni wewe," akasema, akanipakulia mwenyewe, ugali na maharage na kisamvu. Hakuniuliza wali au ugali. Hilo lilinipita kabisa. Nilikula haraka, kichwani napanga maneno. Nilipomaliza nikasimama, nikatoa pochi, nikachomoa noti zote zilizokuwemo nikamnyooshea mbele ya wote.

"Ya nini hiyo?"

"Ya chakula, mama. Na ya kile cha zamani."

Wale wanne waliacha kula. Mzee mmoja aliangalia chini, akaanza kufuta mikono ambayo ilikuwa safi.

"Huyu ni shemeji yangu," Mama Lishe akasema. "Yule ni jirani, na hao ni watoto wa jirani. Wamekuja kunivunia mahindi. Hapa ni nyumbani, mwanangu. Kuuza niliacha."

Sikujua pa kuiweka ile hela. Mkono ulibaki umenyooka.

"Kule Iyunga nilikuwa nauza, wewe ukaja kama mgeni," akasema. "Leo nimekukaribisha mgeni, unanilipa." Hakusema kwa hasira. Ningeshukuru kama angekasirika. "Rudisha mfukoni. Subiri hapo."

Akaingia ndani akijishika ukutani, akakaa kidogo, akatoka na lile kopo. Lilikuwa limeshika kutu kwenye kifuniko. Aliligeuza anionyeshe msalaba, kana kwamba ningeweza kuusahau.

"Nilikaa nalo. Sikutaka limrudie mwenzangu likiwa tupu, nikasema kijana akija nitatia kitu. Hukuja. Ile siku uliyokuja na wenzako nilitaka nikupe, nikaona hutaki nikujue." Akachota maharage kwenye kiroba kilichokuwa barazani, akaanza kuyajaza. "Mama yako yupo?"

"Yupo, mama."

"Aliniahidi karanga nyingine. Nilizingoja sana. Hakulima tena?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa nimekuja na maneno yote, nimeyapanga, na watu walikuwa wameshaona mabaya zaidi. Nikafungua mdomo.

"Mvua, mama," nikasema. "Kwetu Idodi mvua imekuwa haba."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Alitikisa kichwa kwa huruma. "Masikini. Pole yake jamani." Na akamwaga maharage mengine juu, akalitikisa kopo yashuke, akaongeza tena, akakandamiza kifuniko kwa kiganja. "Mwambie asivunjike moyo. Mwambie karanga zake nilikula na wajukuu wangu, na zilikuwa tamu."

Kopo liko juu ya kabati jikoni kwangu. Mke wangu aliuliza mara moja la nani, nikasema la mtu. Sijalipeleka Idodi, kwa sababu nikilipeleka mama atauliza limekaa wapi muda wote huu, na sijapika hayo maharage, kwa sababu hata mimi nina mpaka wangu. Mama huwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada. Hajawahi kuniuliza habari za kopo, nami nilikuwa nadhani amelisahau.

Jana mchana mpwa wangu alijibu ile orodha yangu ya sehemu saba. Ameandika: "Asante mjomba, lakini bibi kashanipangia pa kula. Kanipa karanga za yule mama wa Iyunga, kopo zima. Kasema nisikupe wewe, nimpelekee mwenyewe mkononi, maana la kwanza halijarudi mpaka leo. Nafika Jumatatu. Kwake unapajua?"

Sijamjibu. Zile tiki mbili za bluu zimeshamwonyesha kwamba nimesoma.